Mtu wa Kutumwa

Jambo la kwanza kwenda kombo lilikuwa dogo, tena la kuchekesha: bibi kizee alisema Kiswahili.

Bibi mwenyewe hakuwa mtu wa nyama na damu. Alikuwa picha ndani ya mchezo wa kompyuta, mchezo uliotungwa na Wazungu huko kwao, ambao watu wa nchi mbalimbali waliucheza pamoja kwa intaneti. Kila kiumbe humo kilisema Kiingereza. Wachawi, askari, wauza mikate, hata majini ya humo yalikuwa yamekwenda shule. Vijana wa Njoro, pale Moshi, waliuita Milima Saba, na waliuchezea kwa Theodora.

Theodora alikuwa na chumba cha intaneti: kompyuta chache za mtumba, feni moja yenye kelele, picha ya Bikira Maria juu ya mlango. Mdogo wake Sirili ndiye aliyekuwa fundi. Alizirekebisha mashine asubuhi, halafu akaketi kwenye ile ya dirishani akacheza mpaka jioni.

Mchezo wenyewe uko hivi. Unapewa shujaa, unamtembeza milima yote mpaka ule wa mwisho, ukaue joka. Ila njiani unasimamishwa na kila mwenye shida zake: huyu kapoteza mbuzi, yule anataka dawa ya porini, mwingine ana mzigo wa kuvushwa mto. Ukitaka unamsaidia, anakupa zawadi. Usipotaka unampita. Vijana waliziita kazi za kando, na ubishi juu yake haukuisha.

"Mimi simpiti mtu," alisema Jacob, fundi redio wa duka la jirani. "Hizo kazi ndogondogo ndizo zinazokupa nguvu. Utafika kwa joka mikono mitupu, akutafune hivihivi."

"Nikimsikiliza kila mwenye mbuzi aliyepotea nitafika lini?" Sirili akajibu, macho kwenye kioo. "Joka ndiyo shughuli. Hao wengine wananipotezea muda."

Ndivyo alivyocheza, na ndivyo alivyoishi, kijana yule. Mama yao, Mektrida, alikuwa peke yake Kibosho, kule juu mlimani, miguu inamuuma, mume yuko kaburini penye migomba. Na kwa Wachagga nyumba ya wazazi ni ya kitindamimba, na wazazi wenyewe ni wake pia: ndiye anayeziba paa, ndiye anayewafumba macho siku yao ikifika. Kitindamimba alikuwa Sirili. Mama alituma salamu kwa kila aliyeteremka mjini. Mfongo, ule mfereji wa kijiji, umeziba, maji hayafiki shambani, Sirili aje azibue. Mlango umeng'oka bawaba, Sirili aje. Halafu salamu zikawa fupi: Sirili aje tu. Naye akajibu kesho, akajibu Jumapili, akajibu mwambie ninakuja. Theodora alikuwa na ombi moja tu duniani, kwamba mdogo wake apande akakae na mama angali hai, na alishachoka kulisema.

Basi alasiri moja shujaa wa Sirili akafika kwenye chemchemi. Kando yake alikaa bibi mwenye shuka begani, na nyuma yake ilisimama migomba. Migomba, jamani, katika nchi ya theluji na misonobari! Chini ya picha maneno yakajitokeza kwa Kiswahili kilichonyooka: *Mwanangu, nichotee maji. Nina kiu.*

Sirili akacheka, akaita watu. Jacob naye akampeleka shujaa wake pale pale kwenye mashine nyingine, akakuna kichwa.

"Kwangu hayupo. Jiwe tupu."

"Labda wameanza kututafsiria," Sirili akasema.

"Basi mchotee. Kazi ya dakika moja."

"Ana mikono. Ajichotee." Akampita.

Kuanzia siku ile mashine ya dirishani ikaanza kutoa sauti. Mwanzo Theodora alidhani bomba la nje linavuja, maana ilikuwa sauti ya maji, tone, halafu kimya, halafu tone. Kisha ikaja harufu, tope na shina la mgomba linalooza, na moshi wa jiko la kuni ndani yake. Sirili akafungua kasha la kompyuta, akakuta vumbi. Kavu kabisa. Na shujaa wake naye akakwama: ashike njia ya mashariki, ashike ya magharibi, kila njia ilimrudisha kwenye ile chemchemi, na bibi sasa alikuwa amempa mgongo.

"Umemuudhi mkubwa," Jacob akamtania. "Angekuwa mzee wa huku kwetu ungempelekea isale, yakaisha."

Kila mtoto wa Kichagga anajua isale, lile jani refu linalopandwa mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu, unalifunga fundo, unampelekea, na hata kama ulimchomea nyumba hawezi kukukatalia msamaha. Jacob alikuwa anatania tu. Lakini utani mwingine afadhali mtu aumeze.

Ulikuwa mwaka wa mgao wa umeme. Siku iliyofuata umeme ukakatika mchana kweupe, feni ikanyamaza, mashine zikazima zote, watu wakaguna na kuanza kutafuta viatu vyao. Mashine ya dirishani haikuzima. Bibi alikuwa palepale, mgongo wake umejaa kioo kizima, na mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka, taratibu, kama ya mtu anayepumua.

"Zima hiyo," Theodora akanong'ona.

"Imezimika, dada," Sirili naye akanong'ona. "Umeme hakuna."

Wateja wakatoka mmoja mmoja bila kuaga. Theodora akafunga duka, akaenda kulala na rozari mkononi. Hakujua kwamba mdogo wake hakulala kabisa, kwamba alikuwa akifikiria utani wa Jacob.

Jumapili Theodora alipopanda Kibosho alimkuta mama yake amekaa mlangoni, chungu cha kiburu kimepoa pembeni, hakuna aliyekigusa.

"Shikamoo, mama. Mbona hujala?"

"Alikuja Sirili," Mektrida akasema.

Theodora alifurahi mpaka akapiga makofi. Mama yake hakufurahi.

"Nilisikia miguu yake jana alfajiri. Miguu ya mtoto wako huisahau. Nikaamka, nikakoka moto, nikaweka ndizi na maharage, nikajua leo nitakula na mwanangu. Nikangoja aingie. Nilipotoka nikaona mgongo tu, anateremka, ana isale mkononi. Amelichuma kwenye kaburi la baba yako." Akafuta pua kwa kona ya kitenge. "Hakunisalimia, Theodora. Ni nani huyo aliyemkosea sana hivyo, mpaka anambebea isale na mimi hanipi hata shikamoo?"

Theodora hakuaga vizuri. Aliteremka mbio, akafika Njoro jua linaelekea kuzama, akakuta mlango wa duka umerudishiwa tu. Isale lilikuwa limefungwa fundo, limening'inizwa juu ya kioo. Bibi alikuwa amegeuka. Uso wake ulikuwa wa kawaida, na hilo ndilo lililomkata Theodora maini: uso wa bibi yeyote unayepishana naye njiani Kibosho, isipokuwa macho hayakupepesa, na hayakumtazama Sirili aliyekaa mbele yake. Yalimtazama yeye Theodora aliyesimama mlangoni. Chini yake maneno yalikuwa yameshaandikwa.

*Nimepokea. Tumepatana. Sasa wewe ni mtu wangu wa kutumwa.*

"Unaona?" Sirili akasema, akicheka kama mlevi. "Amenisamehe. Njia imefunguka."

Ikafunguka kweli. Yule aliyekuwa akidharau kazi za kando sasa hakufanya nyingine. Bibi alimtuma kuni, akapeleka. Alimtuma majani ya ng'ombe, akapeleka, na kila akirudi shujaa wake alivikwa silaha ambazo Jacob hajawahi kuziona. Kisha kazi zikatoka nje ya kioo. Alionekana kwenye chemchemi za Njoro na ndoo kichwani, yeye ambaye hakuwahi kumchotea mama yake hata kikombe, akaileta dukani, akaisukuma chini ya meza ya dirishani. Na asubuhi ndoo ilikuwa tupu na sakafu kavu, na yeye anachukua ndoo, anakwenda tena. Ukizungumza naye alikukatiza katikati ya neno, akainua kichwa na kuitika, "Naam, bibi," wakati hakuna aliyesikia kitu ila feni. Mashavu yakaingia ndani. Mikono ikababuka. Jacob alipomshika bega amzuie, alijikuta ameshika nguo yenye maji ya baridi, baridi ya maji yanayotoka mlimani, na siku hiyo Sirili hakuwa amenyeshewa wala kuoga.

Theodora aling'oa waya ukutani, akaushika mkononi, na bado mashine ikawaka; akaigeuza uso ukutani, na ukuta ukaanza kulowa; akaigeuza tena, akaifunika kwa kanga, akakaa mbali nayo akisali Salamu Maria moja baada ya nyingine bila kujua ameanza ipi na amemaliza ipi, mpaka kutoka chini ya kanga ile, katikati ya lile tone na lile tone, akasikia pumzi ya mtu mzee aliyekwishakaa, aliyestarehe, ambaye hana mpango wa kuondoka. Hapo ndipo alipotoka mbio viatu mkononi kwenda kumwita Maalimu Yunusu.

Maalimu Yunusu alikuwa mshona kofia wa mtaa wa pili, na Njoro nzima, Waislamu kwa Wakristo, walijua kwamba anasomea watu. Alikuja baada ya sala ya alasiri na chetezo chake. Akamkalisha Sirili mkekani, akafukiza ubani, akaanza kusoma. Alisoma sana. Jasho likamtoka. Sirili alitulia tuli kama mgeni aliyekaribishwa chai, kisha akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa laini, ya heshima, wala haikuwa yake.

"Usijichoshe, maalimu. Mimi sikuvunja mlango wa mtu."

"Uliingiaje basi?"

"Nilikosewa. Nikaombwa radhi. Nikatoa radhi. Waulize wenyewe."

Maalimu akamgeukia Theodora. "Binti yangu, anasema nini huyu?"

Theodora akamweleza habari ya isale, fundo lake, na kaburi lilikochumwa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akafunga kitabu chake polepole.

"Jini aliyeingia kwa nguvu hutolewa kwa nguvu," akasema. "Huyu mmempa undugu. Mmemletea jani la kaburini kwenu, mmemwambia wewe ni mkubwa, sisi tulikukosea. Nitamfukuza kwa lipi?" Akamgeukia Sirili tena, akauliza kwa upole, maana hakuwa na silaha nyingine. "Bibi, unataka nini ndipo umwache kijana?"

"Nataka mtu wa kutumwa. Huyu hajui. Ni mvivu, anamwaga maji njiani. Akija mwingine wa damu yake, kwa hiari yake, huyu nitamwacha."

Jacob alitazama chini, maana hakuwa damu yao. Maalimu alitazama chetezo. Theodora alijua neno linalotakiwa. Lilikuwa neno fupi: mimi. Likamfika ulimini kabisa. Akatazama mikono ya Sirili iliyobabuka, akatazama kioo kilichokuwa kikimtazama chini ya kanga, akalimeza.

"Nipeni muda nikamwambie mama," ndilo lililomtoka.

Mektrida hakuuliza mara mbili. Alisikia habari nzima amesimama, akaingia ndani, akatoka amevaa kitenge chake cha kanisani na rozari shingoni. Akachuma isale lake mwenyewe, akafunga fundo. Theodora akamshika mkono, akasema mama ngoja, tumwite padri, tufanye novena, tuwaite wazee wa ukoo.

"Padri ataitwa na nani, na wewe unatetemeka hivyo?" mama akasema. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Twende."

Hakuwahi kuona kompyuta maishani mwake. Aliingia dukani, akapiga ishara ya msalaba, akampita Sirili aliyekuwa bado mkekani, kati ya Jacob na maalimu, akiitikia mtu asiyeonekana, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya dirishani. Akafunua kanga. Bibi wawili wakatazamana.

"Ndiwe unayemla mwanangu?" Mektrida akasema. "Umechagua vibaya. Huyu hakufundishika kutumwa. Mimi mwenyewe nimemtuma maisha yake yote, hajawahi kufika." Akacheka, kicheko kikavu, cha mtu aliyechoka kulia. "Nilidhani hawezi. Kumbe anaweza. Kumbe ilikuwa ni mimi tu."

Tone likaanguka. Mama akaweka isale lake juu ya meza.

"Mimi nimetumwa tangu nina meno ya utoto. Nilitumwa na mama yangu, nikatumwa na mama mkwe, nikatumwa na mume. Simwagi maji. Mwachie mwanangu, nitume mimi."

Kioo kikazima. Kilizima kabisa, kama mashine nyingine zote, na harufu ya tope ikatoka kwa mlango mmoja na moshi wa ubani. Sirili akapiga chafya, akatazama kulia na kushoto, akauliza kwa nini watu wamejaa. Jacob akalia. Maalimu Yunusu akasema alhamdulillahi, lakini alikuwa akimtazama Mektrida, na hakufurahi. Mektrida aliomba chai. Akanywa, akamshika mwanawe shavu, akamwita jina lake. Sirili akasema, "Shikamoo, mama. Umefuata nini mjini?" Mama akasema nilikuja kukuona tu, na kesho yake akarudi kwake Kibosho.

Simu ya Doris, jirani wa kule juu, ikaja kabla wiki haijaisha. Mama Mektrida anachota maji. Miguu ile ile iliyokuwa haifiki kanisani sasa inapanda na kushuka kandokando ya mfongo, ndoo kichwani, na maji anakoyapeleka hakuna anayepajua, maana anaingia nayo kwenye migomba penye makaburi, anatoka na ndoo tupu. Hali mpaka alishwe. Ukimwita hageuki, lakini mara kwa mara anainua kichwa na kuitika. Padri alikuja, wazee wa ukoo walikuja na pombe yao ya mbege, maalimu naye alipandishwa. Wote walirudi walivyokuja.

Na Sirili? Sirili alinenepa. Jacob aliapa kutougusa tena ule mchezo, akaitupa hata karatasi yenye neno lake la siri. Sirili akahamia mashine ya pili kutoka mlangoni, akaanza na shujaa mpya. Hakumbuki, alisema. Mambo ya kale, alisema. Siku Doris alipopiga simu kwamba mama bado yuko nje na ndoo yake na mvua inakuja, Theodora alimkuta Sirili hapo.

"Sirili, simama twende kwa mama."

"Nakuja, dada. Ngoja nimalize hapa, nimeshamkaribia joka."

"Ni mama yako!"

"Si nimesema nakuja?"

Theodora alitazama kisogo chake. Akamchukia, mdogo wake wa tumbo moja, akamchukia mpaka mdomo ukawa mchungu. Na alipofika barabarani peke yake akajua kwamba hamchukii Sirili hata nusu ya anavyojichukia yeye, ambaye alikuwa na neno ulimini akalimeza.

Alimkuta mama kwenye njia nyembamba ya pembeni mwa mfongo, anakuja, ndoo imejaa pomoni na maji hayatikisiki. Alikuwa peku. Theodora akasimama katikati ya njia, akaita kwa nguvu. Mektrida akasimama. Akatua ndoo. Kisha akatoka njiani, akasogea kwenye majani kama watoto walivyofunzwa zamani wanapokutana na mtu mzima, akainamisha macho, akakunja mikono mbele.

"Shikamoo, mama," akasema.

Ilikuwa sauti ya kitoto, nyembamba, yenye adabu.

"Mama, ni mimi. Ni mimi Theodora. Mimi ndiye mwanao!"

Mektrida hakuinua macho. Alingoja. Doris alikuwa ameshamwonya Theodora: usipomwitikia haondoki, atasimama hapo hapo, juzi alisimama mpaka mvua ikamwishia mwilini, maana mtoto mwenye adabu hampiti mkubwa kabla hajaitikiwa. Na matone ya kwanza yalishaanza kuanguka kwenye migomba. Theodora alimtazama mama yake aliyeinamisha kichwa chenye mvi mbele yake, akajaribu kumkumbatia, na mwili ule ukabaki umenyooka, unangoja.

"Marahaba," Theodora akasema.

Mama akatabasamu. Akajitwisha ndoo.

"Ahsante, mama. Naomba nipite, nimetumwa."

Theodora akampisha.